Milioni Nne Zisizoandikwa

Safari hii swali lilitoka Leicester, Uingereza, lakini ni lile lile: "Tunanunua fleti Nyali, Mombasa, kwa shilingi milioni 12. Tukiandika 8 kwenye mkataba, ushuru wa stempu si utapungua?"

Hesabu ya muulizaji naijua. Mjini ushuru huo ni asilimia 4, basi milioni nne zikifichwa, anabakiwa na shilingi 160,000. Asichouliza ni kwa nini muuzaji ameshangilia wazo hilo. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo ni asilimia 15 tangu Januari 2023, hulipwa na muuzaji. Milioni nne zisipoandikwa, yeye ameepuka laki sita. Sasa niambie dalali anayesema "kila mtu hufanya hivyo" anamfanyia nani kazi.

Hata hizo 160,000 si zako bado. Mthamini wa serikali hasomi mkataba wako kama msahafu. Anaitazama nyumba, na thamani yake ikizidi bei yako, ushuru unakwenda na thamani yake. Lakini tuseme umepita. Miaka inasonga, unauza kwa milioni 15. Kwa bei ya kweli, faida ingekuwa milioni 3 na kodi 450,000, kabla ya kutoa gharama. Kwa bei ya karatasi, faida ni milioni 7, na kodi ni 1,050,000. Tofauti ni laki sita, zile zile za muuzaji. Umemlipia kodi mtu usiyemjua.

Wala mambo hayaishii Mombasa. Mkazi wa Uingereza hutozwa huko pia kwa faida ya mali iliyo nje: asilimia 18 au 24 kulingana na kipato, baada ya msamaha wa pauni 3,000 kwa mwaka. Kodi uliyolipa Kenya hupunguzwa humo, ila bei ya kununulia watakayoitaka ni iliyo kwenye karatasi. Zile milioni nne ulizotoa mkononi, risiti iko wapi? Na mauzo yakivunjika njiani, utamdai muuzaji 8, si 12. Sijataja bado kwamba kuidanganya Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) ni kosa la jinai.

Mengine haraka haraka. Tafuta wakili wako mwenyewe, si wa muuzaji. Tunza stakabadhi za stempu, wakili na ukarabati, maana hupunguza faida inayotozwa. Ada ya huduma ya jengo uliza kabla ya kulipa arubuni. Kama umeukana uraia wa Kenya na hukuurudisha, utapata umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99. Ukipangisha, usikimbilie ile kodi ya pango ya asilimia 7.5 kwa sababu tu una kitambulisho cha Kenya: ni ya wakazi kikodi, na asiye mkazi hukatwa asilimia 30 ya pango lote bila kutoa gharama.

Na wewe unayepanga kununua nyumba ya kwanza England baada ya hii: fleti ya Nyali inahesabiwa. Ikiwa na thamani ya pauni 40,000 au zaidi, utaongezewa asilimia 5 kwenye ushuru wa stempu wa huko, na nafuu ya mnunuzi wa mara ya kwanza huipati.