Kusukuma ordinatere: speedi ni nzuri, lakini moto na umeme nani atalipa?

Katika makambi na mitaa ya wachimbaji, kuanzia Lubumbashi na Likasi mpaka Kolwezi, ordinatere imekuwa chombo cha kutafutia chakula. Kijana anachapa barua za watu, mama anatoa fotokopi, mwingine anatengeneza video za ndoa. Mara nyingi ile mashini ilinunuliwa na dekonti ya baba, pesa ya miaka mingi ya kazi. Njo maana sisi wa sendika tunaandika leo juu ya jambo ambalo wengine watasema haliko letu: vijana wanaosukuma prosesere iende mbio kupita namba iliyowekwa na kiwanda.

Vijana wenyewe wanasema "kubusti". Wanaingia katika BIOS, wanapandisha namba, mashini inawaka, kila mtu anafurahi. Tuseme wazi: jambo hili si uongo, linawezekana. Lakini liko na hesabu yake, na ile hesabu inafaa kufanywa mbele ya kugusa kitu.

Hesabu ya moto

Tutwae mfano wa prosesere moja inayojulikana sana, Core i5-2500K. Intel iliitoa mwaka 2011, na mpaka leo iko inauzwa ndani ya mashini za okazio. Kiwanda kiliiandikia gigahezi 3.3 na wati 95. Watu wengi waliifikisha gigahezi 4.5 bila shida, wakiwa na radiatere kubwa. Ni nyongeza ya asilimia 36. Video iliyochukua dakika 60 kumalizika inaweza kumalizika kwa dakika 44 hivi. Kwa mwenye wateja wanaongojea mlangoni, haiko kitu kidogo.

Sasa tuangalie upande wa pili. Kwenda mbio vile, prosesere inaomba volti zaidi, tuseme kutoka 1.2 mpaka 1.35. Umeme inaokula unapanda sawa na speedi, lakini kwa volti unapanda mara mbili: volti mara volti. Ukipiga hesabu, zile wati 95 zinakuwa karibu 163. Speedi imepanda kwa asilimia 36, moto umepanda kwa asilimia zaidi ya 70.

Na ule moto unaongezeka juu ya joto la nyumba. Kama kwa wati 95 radiatere yako inaacha prosesere digri 35 juu ya joto la chumba, kwa wati 163 itakuwa digri 60 juu yake. Mwezi wa saba, chumba kikiwa na digri 24, unafika 84. Mwezi wa kumi, chumba chini ya mabati kikiwa na digri 34, unafika 94. Prosesere hii inapokaribia digri 98 inajipunguza mbio yenyewe ili isiungue. Basi umelipa umeme wa mbio, na mbio yenyewe hauipate.

Baba zetu waliofanya kazi chini ya ardhi hawahitaji kuelezwa zaidi. Kapita akiomba tani nyingi na vantilatere ya galeri ikabaki ile ile, watu wanaanguka. Hewa kwanza, tani nyuma.

Mipaka iliwekwa kwa sababu

Karti mere iko na mipaka miwili ya umeme: mmoja wa muda mrefu, mwingine wa sekunde chache tu, wakati kazi inapanda ghafla. Wengi wanaiondoa yote miwili. Ndani ya prosesere kuko nyaya za shaba, nyembamba kupita unywele mara mamia. Volti nyingi pamoja na moto mwingi zinahamisha ile shaba kidogo kidogo, mpaka siku moja waya unakatika. Haitoe moshi wala sauti. Mashini inaanza tu kuzima ovyo, ao mbaya zaidi, inaharibu fishie kimyakimya: orodha ya mishahara, buletini za shule, kazi ya mteja.

Hata wakubwa imewapata. Mwaka 2024 Intel ilikubali kama prosesere zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba volti kupita kiasi na kuharibika. Ikatoa marekebisho, ikaongeza garanti kwa miaka miwili. Mwenye kununua okazio hapa kwetu, garanti ataidai kwa nani?

Mbele ya kununua na mbele ya kugusa

Angalia jina la prosesere. Kwa Intel, nyingi zisizo na herufi K mwishoni zimefungwa, na mashini nyingi za biro zinazotoka Ulaya ziko hivyo. Usilipe zaidi kwa sababu muuzaji anakuambia "hii inabustika".

Anza na usafi. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaziba radiatere. Zima mashini, ifungue, ipulize, badilisha pasta ya kati ya prosesere na radiatere. Kazi hii peke yake inaweza kukurudishia mbio uliyofikiri imepotea.

Ukitaka kupandisha, panda hatua moja moja, na acha mipaka ya umeme mahali pake. Kila hatua, fanyisha mashini kazi nzito saa nzima huku unasoma digri. Ikipita 80, rudi chini. Na usiige namba za rafiki: prosesere mbili za aina moja, moja inavumilia, nyingine inakataa.

Hakikisha alimantasio ina nguvu ya kutosha, na weka regilatere. Delestaji ikiisha, umeme unaporudi kwa kishindo, mashini iliyokazwa mpaka mwisho njo inakufa ya kwanza.

Kuko pia njia ya kinyume, na sisi tunaona inafaa nyumba nyingi: kushusha volti, kuacha speedi vile iko. Ukiipunguza kwa asilimia 10 na mashini ikabaki imara kwa majaribio, moto unapungua kwa asilimia 19 hivi. Kwa wale wanaofanya kazi na grupe, wati 68 za zaidi kwa saa nane za kazi nzito ni zaidi ya nusu kilowati-saa kila siku, na ile ni esanse inayotoka mfukoni.

Vijana, hatuwakatazi. Ufundi mnaojifunza ni mali. Lakini mbele ya kugusa dekonti ya mzee, kaeni naye, mumuonyeshe hesabu: faida ngapi, moto ngapi, umeme ngapi. Na ninyi wazazi, ulizeni bila haya. Mliofanya kazi na mashini za mugodi, hii ndogo ya mezani haiwezi kuwashinda.