Kahawa ya Nyumbani: Lipi Kweli, Lipi Uzushi

Kilimanjaro, Mbozi, Mbinga na Kagera zinalima kahawa inayotafutwa duniani, na sehemu kubwa yake huondoka nchini ikiwa mbichi. Huku nyuma, nyumba nyingi hufungua kopo. Naamini wengi wetu tumenyimwa kahawa nzuri na maneno ya vijiweni tu, kwa hiyo tuyapime.

“Huwezi kukaanga kahawa bila mashine.” Si kweli.

Unahitaji kikaango kizito, mwiko na ungo. Tafuta kahawa safi, yaani iliyokobolewa lakini haijakaangwa, kiasi cha gramu 200. Ichague kama unavyochagua mchele: toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na mawe. Kaanga nje au karibu na dirisha, maana kuna moshi, kwa moto wa wastani, huku ukikoroga bila kupumzika.

Kwanza utasikia harufu ya majani makavu, na punje zitageuka manjano. Kisha inakuja harufu ya mkate unaookwa, na rangi inakuwa ya hudhurungi. Joto la punje likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua, nawe utasikia inalia kama bisi. Kuanzia hapo inanyweka. Ukipenda ladha nzito zaidi, ongeza dakika moja au mbili, kisha epua.

Wengi huiharibu kahawa yao wakati huu wa kuepua. Punje hubeba joto lake na huendelea kujikaanga hata nje ya moto, kwa hiyo mimina kwenye ungo papo hapo na upepete mpaka ipoe. Makapi yataondoka yenyewe. Ni kweli kikaango hakikaangi sawasawa kama mashine, na punje chache zitatangulia kuiva. Hilo lisikukatishe tamaa. Kahawa uliyoikaanga juzi kwa mwiko ina harufu ambayo pakiti iliyokaa dukani miezi haiwezi kuwa nayo.

“Kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo inavyokuwa kali.” Si kweli.

Ule ukali ulimini ni uchungu wa kuungua. Kafeini hubadilika kidogo sana kwa moto. Kinachoamua zaidi ni aina ya mbegu, kwani robusta huwa na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Tena punje iliyokaangwa sana hutuna na kuwa nyepesi, hivyo ukipima kwa kijiko unapata kahawa pungufu. Kinachoniuma mimi ni ladha. Arabika ya mlimani ina uchachu mzuri wa matunda, na ukiikaanga hadi ing’ae mafuta, huwezi tena kujua kama imetoka Moshi au pengine popote.

“Ikaange leo, inywe leo.” Nusu kweli.

Waethiopia hukaanga mbele ya mgeni na kumpikia hapo hapo, na hakuna anayelalamika. Lakini kahawa iliyotoka motoni hujaa kaboni dioksidi, na gesi hiyo huyazuia maji kuingia vizuri kwenye unga. Kwa kahawa ya kuchuja, ipumzishe siku moja au mbili. Isage pale tu unapotaka kupika, kwa sababu unga hupoteza harufu haraka kuliko punje nzima.

“Friji huitunza.” Si kweli. Humo kahawa hunyonya unyevu na harufu ya vitunguu. Chombo kisichopitisha hewa, kabatini, kinatosha.

“Maji yanayochemka huiunguza.” Si kweli, ingawa kuna jambo ndani yake.

Punje imeshapita kwenye joto la nyuzi 200. Maji ya 100 yataiunguza vipi? Tatizo la kweli ni kwamba ikichemka muda mrefu, harufu hupaa na uchungu hutoka wote. Ukichuja, acha maji yatulie nusu dakika baada ya kuchemka, kisha tumia gramu 60 kwa lita moja. Wengi huweka unga kidogo, halafu huchemsha sana ili wapate rangi. Rangi wataipata, pamoja na uchungu mtupu. Kahawa chungu ya pwani, ile ya dele na tangawizi, ni habari nyingine: uchungu wake umekusudiwa, hunywewa kwa vikombe vidogo, na kashata ipo ya kuusindikiza.

“Robusta ni kahawa ya daraja la chini.” Si kweli.

Wahaya wa Kagera walichemsha buni zake kwa majani yenye harufu, wakazikausha na kumkaribisha mgeni azitafune, zamani kabla ya kahawa kuwa zao la kuuza nje. Kinachoiponza robusta ni kuvunwa ikiwa bado kijani na kuanikwa chini kwenye udongo. Iliyovunwa ikiwa nyekundu na kuanikwa juu ya vichanja ina ladha nzito inayoelekea kwenye kakao. Changanya robo ya robusta ya Bukoba na robo tatu za arabika ya Mbinga, kila moja ikikaangwa peke yake kwa sababu haziivi pamoja, kisha ujaribu na maziwa.