Sikukuu ya Kuzaliwa: Michezo ya Kufurahisha na Kufundisha Watoto

Mtoto wenu anatimiza miaka saba siku ya mungu ijayo? Mama amekwisha kuweka unga na sukari ya gato, baba ameahidi limonadi. Vizuri. Lakini watoto kumi na tano ndani ya lupango moja, bila kitu cha kufanya, watajitafutia michezo wenyewe, na mara nyingi wataipata karibu na mbabula. Basi, wazazi wapendwa, tayarisheni michezo mapema, kama munavyotayarisha chakula.

Mchezo wa kwanza tunaupenda kuliko mingine, na hauombi feza. Watoto wengi wanaujua kutoka masomoni kwa jina la Pigeon vole: kiongozi anataja kitu, na anayeinua mkono kwa kitu kisichoruka anatoka. Ninyi mugeuze maneno, muulize kama kitu kinanyweka. «Maji ya kuchemsha!» Mikono juu. «Maziwa!» Juu. «Petroli ya taa!» Mikono chini. «Maji ya javeli!» Chini. «Dawa ya babu!» Chini, hata kama ni tamu. Watacheka sana, hasa kiongozi akienda mbio.

Kwa nini mchezo huo? Kwa sababu nyumba nyingi zinaweka petroli ndani ya chupa ya limonadi. Mtoto wa miaka miwili hasomi, anatambua chupa tu. Akinywa petroli, musimtapishe hata kidogo: ikipanda tena inaweza kuingia mapafuni. Mumpeleke hospitalini mara moja, pamoja na chupa yenyewe. Na chupa hiyo ihamishwe leo, isingoje sikukuu.

Kisha mucheze Un, deux, trois, soleil. Kiongozi anageukia ukuta, wengine wanakaribia. Akigeuka, kila mtu anasimama kimya, na anayetikisika anarudi nyuma. Baba anayefanya kazi ya baruti anajua maana ya kutii alama bila kuuliza. Mtoto naye anajizoeza hivyo kwa siku ya kamyo barabarani.

Kwa watoto wa miaka sita na zaidi, muweke vitu kumi juu ya sahani kubwa: kijiko, kitana, kifungo, ufunguo. Wavitazame kidogo, muvifunike kwa kitambaa, mwondoe kimoja. Ni kipi kimepotea? Vitu hivyo vitoke jikoni, hapana mfukoni mwa nguo za kazi. Detonateri ni kijiti kidogo cha chuma, mara nyingi chenye nyuzi za umeme. Kinapendeza macho, na kinaweza kukata vidole vya mtoto au kupofusha macho yake. Muwaambie: ukiona kitu cha namna hiyo njiani usikiguse, ita mtu mzima.

Wasichana hawahitaji kufundishwa nzango. Na kama babu yupo, aonyeshe kisolo: mashimo ya safu nne yaliyochimbwa chini, mbegu zinazogawanywa moja moja. Mtoto anahesabu bila kujua kwamba anahesabu. Lakini mbegu, karanga na bonboni ngumu viwe mbali na wadogo, kwa sababu vinaziba koo. Baloni iliyopasuka ni hatari zaidi: kipande chake kinashika koo kama kifuniko. Mtoto aliyepita mwaka mmoja akizibwa, asiweze kukohoa wala kulia, umwinamishe mbele, umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, umkaze tumbo juu ya kitovu mara tano ukivuta ndani na juu. Kisha urudie, na mtu mwingine atafute msaada.

Mbele ya gato, wote wanawe mikono kwa sabuni. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wa Katanga waliokaa karibu na machimbo na viwanda vya madini, na watoto waliwazidi wakubwa. Vumbi inaingia kwa mikono na kinywa. Baba anayetoka kazini aoge na abadili nguo kwanza, ndipo abebe mwenye sikukuu.

Mtu mzima mmoja, asiye mpishi, akae na watoto mpaka mwisho. Wageni wakienda, muokote vipande vyote vya baloni kabla ya giza, na mumwagie makala maji.