Nyasi ya Dodoma Iliyopata Soko Ugenini

Mwaka 1955 wafugaji wa Australia walipewa rasmi aina mpya ya nyasi za malisho iliyoitwa Biloela. Mbegu yake ya asili ilitoka Dodoma. Ni nyasi ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, nayo huota yenyewe katika nyika za Tanzania ya kati na mizizi yake huenda chini sana, ndiyo maana kiangazi cha miezi saba hakiiui. Waaustralia hawakuiumba. Waliichagua miongoni mwa nyingine, wakaizidisha, wakaisafisha mbegu na kuiuza. Huku ilikotoka, mfugaji wa Chamwino akitaka mbegu ya kutosha ekari mbili atahangaika. Kwa maoni yangu, tatizo letu la malisho si kukosa aina bora, bali kukosa watu wa kuzalisha mbegu yake.

Utafiti wa malisho wenyewe si mgeni. Kituo cha Mpwapwa kina historia inayoanzia enzi za Wajerumani, na Kongwa, penye kituo kingine na ambapo Waingereza walishindwa na mradi wao wa karanga kati ya 1947 na 1951 kwa sababu ya ukame na udongo mgumu, ng'ombe na nyasi ndivyo vilivyokubali. Leo vituo vyote viwili viko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo, TALIRI. Ugumu unaanza pale mbegu inapotoka kwenye vitalu vya watafiti. Mahindi hukomaa pamoja, ukavuna mara moja. Suke la nyasi hii hukomaa kidogo kidogo, na mbegu zilizotangulia hudondoka wakati nyingine bado mbichi. Mvunaji hupita shambani akiyapukusa masuke kwa mkono, kisha hurudi tena baada ya siku chache. Anachopata ni manyoya mepesi yanayopeperushwa na upepo na kunasa kwenye nguo, mengine yakiwa matupu ndani. Hata mbegu nzima haioti vizuri ikiwa mpya. Inahitaji kukaa ghalani miezi kadhaa. Mfugaji asiyeambiwa hayo huipanda ikiwa mpya, au huifukia kwa kina kama mahindi, isiote, akasema nyasi za kupanda ni porojo.

Wapo wanaouliza kwa nini kupanda kitu kinachoota chenyewe, tena kwenye ardhi ya malisho ya kijiji ambako ng'ombe wa kila mtu watakula. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna atakayetoa fedha yake kulisha mifugo ya jirani. Ndiyo maana mbegu ianzie kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio, vya kukata nyasi na kufunga marobota ya kiangazi, mahali ambapo aliyepanda ndiye anayevuna. Wengine wanahofia nyasi kuvamia, na Australia yenyewe ni ushahidi: katika jangwa la kati imesambaa kupita kiasi na kuchochea moto. Lakini kule ni mgeni. Hapa ni mwenyeji, na kwenye mashamba ya Kongwa yaliyolishwa hadi udongo ukabaki mtupu, shida ni kuirudisha.

Pingamizi gumu zaidi ni la biashara. Nyasi hii kwa kawaida hutoa mbegu bila yai lake kurutubishwa, kwa hiyo mtoto hufanana na mama. Aliyenunua mara moja anaweza kuvuna mbegu yake mwenyewe miaka yote. Kampuni gani itawekeza hapo? Pengine hakuna, na sioni sababu ya kuisubiri. Wakulima wa mtama wanaujua utaratibu wa Mbegu za Kuazimiwa Ubora, ambapo kikundi huzalisha na kuuza mbegu katika eneo lake chini ya ukaguzi wa taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI. Vikundi vya wafugaji, hasa vya akina mama wasio na ng'ombe wengi, vingeweza kuchukua mbegu mama kutoka TALIRI na kuizidisha kwa namna hiyohiyo, ilimradi kila mfuko uandikwe mwezi wa kuvunwa na kiwango cha uotaji.