Msiba Usiowekewa Matanga

Mtu akifa Likasi, iwe Kikula au Panda, jua halizami kabla turubai halijafungwa mbele ya nyumba. Wanaume huketi nje kuzunguka moto wa makaa. Akina mama huwa ndani na mjane, chini, kwenye mikeka. Kila anayeingia, mjane humsimulia upya: maumivu yalianza lini, hospitali walisema nini, marehemu alitamka nini mwisho. Analia, anashikwa mabega, ananyamaza. Anaingia mwingine, naye anaanza tena tangu mwanzo. Nje, mezani, kuna daftari la michango. Hapo hakuna anayeona haya kwa machozi yake.

Mtu akipoteza kazi, hakuna turubai.

Na Likasi inaujua msiba huo. Mji huu wa Katanga, ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ulikuzwa na shaba. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, na baadaye Gécamines, iliyotokana na utaifishaji wa 1967, haikuwa ikilipa mshahara tu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, posho ya unga ya kampuni, shule na hospitali za kampuni. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia 2003 hazikufika 20,000, na wafanyakazi walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Ndipo ukaja mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika miji ya Gécamines, Likasi ikiwamo, wafanyakazi 10,655 walioitumikia kampuni kwa miaka mingi walitia saini, wakapokea fedha za mkupuo, wakarudi nyumbani. Iliitwa kuondoka kwa hiari.

Kwa maoni yangu hiari hiyo iliwaumiza kuliko hata udogo wa fedha. Utaililiaje kazi uliyoiacha kwa saini yako mwenyewe? Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha 2001, tayari alikuwa amewaita wafanyakazi wa shaba wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Anaeleza jinsi mamlaka ya mwanaume yalivyotikisika ndani ya nyumba pale mshahara ulipokauka. Mama ndiye aliyelima, ndiye aliyeuza sokoni, ndiye aliyeleta unga. Baba alibaki ameketi kibarazani.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui. Mwenye huzuni hiyo hana ruhusa ya kulia, hana anayempa pole, hana siku ya kuondoa matanga. Doka hakuwa akiandika kuhusu Katanga, lakini sijaona maelezo yanayowafaa zaidi wazee wetu.

Huzuni ya namna hii huhamia mwilini. Mzee anafika zahanati na kusema kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, usingizi umekata, miguu haina nguvu. Anapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani. Hadanganyi, anaumwa kweli. Mtafiti Arthur Kleinman alipowachunguza wagonjwa 100 huko Hunan, China, waliokuwa wakitibiwa kwa udhaifu wa neva, aligundua kwamba 87 kati yao walikuwa na sonona. Wengi walikuwa wamekuja kulalamikia kichwa, uchovu na usingizi.

Kujikaza nako kuna gharama. Mwaka 1993 watafiti James Gross na Robert Levenson waliwaonyesha watu filamu ya kutia kinyaa, mkono wa mtu ukikatwa katika upasuaji, na baadhi yao wakatakiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Lakini kinyaa walichokisikia kilikuwa kilekile cha wenzao, na vipimo vya jasho la ngozi na mapigo ya vidoleni vilionyesha mwili ukihangaika zaidi. Miaka 10 baadaye Emily Butler na wenzake waliwakalisha wanawake wawili wawili, wasiojuana, wazungumzie filamu ya kuhuzunisha. Mmoja alipoficha hisia zake, shinikizo la damu la mwenzake nalo lilipanda. Kwa hiyo mwanaume anayejikaza kibarazani hajikazi peke yake. Mke aliye jikoni anaubeba ukimya ule pamoja naye.

Ni lazima niongeze kwamba si kila ukimya unadhuru. Butler na wenzake walirudi kwenye suala hili mwaka 2007, wakaona kwamba kwa watu waliolelewa kuuona utulivu kama heshima, madhara ya kuficha hisia hupungua. Baba anayejizuia mbele ya watoto wake analinda kitu cha thamani. Shida inaanza pale anapokosa hata mahali pamoja pa kuufungua moyo.

Bernard Rimé, mwanasaikolojia wa Ubelgiji, amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyosimuliana yaliyowagusa. Kwa kawaida zaidi ya matukio 8 kati ya 10 husimuliwa, mara nyingi siku hiyohiyo. Yanayofichwa zaidi ni ya aibu na hatia. Rimé ana jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei: kusimulia tu hakuondoi maumivu. Kunaleta watu karibu, na hilo si dogo, lakini uchungu wenyewe hupungua pale mtu anapoanza kulielewa tukio kwa namna nyingine.

Hapo ndipo kilio chetu kina hekima yake. Mjane anaposimulia, wazee hukaa wakisikiliza, na baadaye husema mbele ya wote kwamba mama huyu alimuuguza mumewe ipasavyo, hana lawama. Aliyeachishwa kazi naye anahitaji kusikia maneno ya aina hiyo: kwamba shaba haikuporomoka kwa uvivu wake, na kwamba nyumba bado inamwita baba.

Migodi bado inaajiri na kufukuza. Ukisikia jirani ameachishwa kazi, nenda wiki hiyohiyo, kama unavyokwenda kilioni. Peleka mchango, hata kama ni kilo moja ya unga. Usimwambie Mungu atafungua mlango mwingine. Mwombe akusimulie siku yake ya kwanza kazini, umsikilize mpaka amalize. Na akilalamikia kichwa na usingizi kwa majuma mawili, mpeleke hospitali, umweleze muuguzi kwamba mzee huyu amepoteza kazi.