Fahamu: Kwa nini jeraha la mbuzi halishonwi ovyo

Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo, una Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, ambako madaktari wa mifugo hufunzwa. Kwa wafugaji wa huko na wa mji jirani wa Beni, swali la kwanza ni: mbuzi aliyekatwa na panga ashonwe?

Jeraha jipya, safi, hushonwa. Lililokaa siku nzima na kuingia uchafu likishonwa, vijidudu hubaki ndani na usaha hujaa. Bora lioshwe kwa maji mengi safi yenye chumvi kidogo, daktari aondoe nyama iliyokufa, kisha liachwe wazi lijazwe na nyama mpya. Asali imejaribiwa kwa wanyama, nayo husaidia: hunyonya maji na kudhoofisha bakteria. Oili chafu ya gari, kamwe! Huunguza nyama changa.

Hata wanyamapori hutibiwa majeraha: katika Hifadhi ya Virunga, madaktari wa wanyama wa shirika la Gorilla Doctors huwalaza gorila kwa dawa, kisha hukata mitego iliyozama mwilini.