SANDUKU LIBADILISHWE, DISKI IBAKI NA MWENYEWE



Tangu Julai 2017, serikali ya hapa ilipoanza kutoza riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu anayemtegemea mfanyakazi mgeni, kiwango kilichopanda mwaka hadi mwaka na kufikia riyali 400 mwaka 2020, familia nyingi za Riyadh na Jeddah zimefungasha na kurejea nyumbani. Kilo za ndege ni chache, na kompyuta ya mezani huwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuachwa. Lakini ndani yake mna picha za arusi, nakala za vyeti vya watoto, na sauti za wazee waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Hivyo si vitu vya kumwachia mtu.

Tuchukue mfano wa jirani wawili, wote wakitumia Linux. Anayerudi Tanga ana sanduku kubwa na zito. Anayebaki ana kompyuta ndogo isiyozidi kitabu. Wanakubaliana kubadilishana mashine, ila kila mmoja abaki na diski yake. Je, mashine zitawaka?

Mara nyingi zitawaka. Unix, mfumo ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani, uliandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, ndipo ikawezekana kuuhamisha kutoka mashine ya aina moja hadi nyingine. Linux, aliyoianzisha mwanafunzi Linus Torvalds mjini Helsinki mwaka 1991, imefuata njia hiyo hiyo: kila inapoamka hutazama upya imezungukwa na vifaa gani. Masharti ni mawili. Diski ienee katika sanduku jipya na ipate mahali pa kuchomekwa. Na prosesa ziwe za ukoo mmoja, kwani mfumo uliowekwa kwa ajili ya Intel au AMD hauendeshwi na prosesa ya ARM.

Hata hivyo, iko mitego minne.

Wa kwanza ni majina. Linux huziita diski kwa zamu ya kuonekana kwake: /dev/sda, kisha /dev/sdb. Faili la /etc/fstab ni daftari la mahudhurio linalosomwa kila mashine inapowaka. Sisi tulioshika chaki twajua kuwa mwalimu anayewaita wanafunzi kwa madawati yao, siku wakibadilishana viti, humwadhibu asiyekosa. Basi katika daftari hilo diski iandikwe kwa kitambulisho chake cha kudumu, kiitwacho UUID, ambacho amri ya blkid hukionyesha. Mifumo mingi ya leo hufanya hivyo yenyewe. Iliyosanidiwa zamani au kwa mkono ikaguliwe kabla ya kufungua skrubu. Watumiaji wa FreeBSD nao huweza kuipa diski lebo.

Wa pili ni mlango wa kuingilia. Kompyuta zenye UEFI huandika njia ya kuwashia katika kumbukumbu ya ubao mkuu, si katika diski peke yake. Diski ikihama, ubao mpya haumjui mgeni. Dawa yake ni kuhakikisha mapema kwamba ndani ya diski limo faili la EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, ambalo ubao hulitafuta usipokuwa na maelekezo mengine.

Wa tatu ni mtandao. Jina la kadi ya mtandao hubadilika pamoja na kadi yenyewe, kwa hiyo anwani iliyofungwa kwa jina la zamani haitafanya kazi mpaka irekebishwe.

Wa nne ndio mzito kuliko yote, nao ni kufuli. Diski iliyosimbwa kwa nenosiri hufunguka popote. Lakini ikiwa ufunguo umehifadhiwa katika kifaa cha TPM kilichomo ndani ya ubao, ufunguo huo utabaki Riyadh na diski itafika Tanga imefungwa. Nenosiri la akiba liwekwe na lijaribiwe mashine zote mbili zikiwa bado mtaa mmoja.

Kuhusu umeme, nyumba za hapa zilizojengwa zamani zimezoea volti 127 na 220 kwa mizunguko 60. Tanzania ni volti 230 kwa mizunguko 50. Diski haidhuriki, kwani hulishwa na sanduku, si na ukuta. Kompyuta ndogo nyingi hutumia chaja ya volti 100 hadi 240. Bali sanduku la zamani lenye swichi nyekundu nyuma, likichomekwa Tanga swichi ikiwa kwenye 115, litaungua.

Mwisho, tahadhari kabla ya hatari. Kabla ya kugusa lolote, tengenezeni nakala ya kila kitu na isafiri katika mkoba mwingine. Nakala kamili ya diski isichomekwe pamoja na mama yake katika mashine moja, maana zote mbili zina kitambulisho kimoja na mfumo utachanganyikiwa.

Mabadilishano haya yafanyike wiki mbili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia uwanja wa ndege. Kosa likitokea, jirani atakuwa bado yupo, na fundi atakuwa karibu.